UZI: Dhamana kwa wafungwa wa kisiasa Uskoti ya zamani. Nani alitoka, nani alilipa?

Kibarua wa Edinburgh (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Huu ni mwaka wangu wa saba Edinburgh, nafanya usafi kwenye ofisi zilizo jirani na makaburi ya Greyfriars. Saa ya mapumziko huwa naingia mle makaburini na chapati yangu kwenye foili, maana kuna mabenchi na hakuna anayekusumbua. Watalii wanamiminika. Wengi wamefuata kaburi la mbwa mmoja maarufu, wengine wamefuata hadithi za mizimu. Upande wa kusini kuna geti la chuma lililofungwa, na ndani yake kichochoro chenye makaburi huku na huku. Wenyeji wanapaita Gereza la Watu wa Agano.

Kwa miaka miwili nilikuwa napita pale nikiamini kilichotokea ni kile kile cha kila mahali: watu walifungiwa, wakateswa, wakafa. Msimu wa baridi uliopita nikaanza kusoma maktaba ya mji, nikakuta mambo sivyo. Wengi wa wale wafungwa walitoka kwa miguu yao wakarudi makwao. Walichotakiwa ni kusaini karatasi. Waliogoma ndio waliopakiwa melini.

Hiyo karatasi ndiyo imenileta hapa. Uzi ni mrefu, kwa hiyo anayependa muhtasari apite tu, sina kinyongo.

Kwanza niweke msingi kidogo. Karne ya 17 Uskoti na Uingereza zilikuwa na mfalme mmoja, lakini kila nchi na bunge lake, sheria zake na mahakama zake. Ugomvi mkubwa wa Uskoti ulikuwa kanisa. Mwaka 1638, Februari 28, watu walianza kutia saini Agano la Taifa wakipinga mfalme kuwapangia namna ya kuabudu. Lilianza kusainiwa hapo hapo Greyfriars, ndani ya kanisa. Miaka 41 baadaye, waliobaki waaminifu kwa Agano lile wakafungiwa kwenye uwanja wa kanisa lile lile. Nikiwa na chapati mkononi huwa nalifikiria hilo sana.

Sasa hoja yangu. Serikali ya Uskoti haikuwa na magereza ya maana. Kila mji ulikuwa na jengo moja liitwalo tolbooth: ofisi ya ushuru chini, baraza juu, na vyumba viwili vitatu vya kufungia watu. Kulikuwa na ngome chache, Edinburgh, Blackness, Dumbarton, na kisiwa cha Bass. Basi. Askari wa kudumu nao wa kuhesabu. Huwezi kuwafunga wapinzani elfu kumi ukiwa na vyumba mia. Unachoweza ni kumtoa mtu na kuifunga familia yake kwenye karatasi. Dhamana ya Uskoti ya wakati ule nadhani tunaielewa vibaya tukiiona kama mlango wa kutokea. Ilikuwa gereza la bei nafuu.

Nakuja na mifano. Ngoja nibadili zamu.

Pweza Kavu

Nimekaa siti ya mbele, mkuu. Kahawa ipo, kashata zipo.

Sungusungu

Mleta mada, hiyo "karatasi" ni dhamana kweli au ni kiapo cha utii? Hivyo ni vitu viwili tofauti. Usituchanganyie mapema.

Kibarua wa Edinburgh

Sungusungu, umeuliza mahali penyewe. Wenyewe walivichanganya makusudi.

Neno lao la kisheria wao hulitamka "keshoni", maana yake dhamana, na anayeitoa ni mdhamini kama kwetu. Mfungwa akiachiwa na Baraza la Mfalme, yaani chombo kilichoiendesha serikali ya Uskoti kwa niaba ya mfalme, jina lake, jina la mdhamini na kiasi cha fedha viliandikwa kwenye vitabu vya Baraza. Ahadi ya kawaida ilikuwa kufika siku atakayoitwa. Ila Baraza liliweza kuongeza lolote juu yake: usitoke nje ya mipaka ya mji fulani, usihubiri, usiende kwenye ibada za porini (za waliolikataa kanisa la mfalme), usimpe chakula mtu fulani. Kwa hiyo dhamana ya kufika mahakamani na kiapo cha kisiasa vilikaa kwenye karatasi moja, na saini ikawa moja.

Usipofika? Mjumbe alikwenda kwenye msalaba wa soko, akasoma jina lako kwa sauti, akapuliza baragumu mara tatu. Tangu hapo ulihesabika mwasi, na mali yako inayohamishika, ng'ombe, nafaka, vyombo, ikawa ya mfalme. Hadi leo kwenye vitabu vya sheria vya Uskoti utakuta habari za "kupigiwa baragumu". Mdhamini wako naye akaanza kudaiwa.

Mfano wa kwanza hauna hata mfungwa. Mwaka 1677 Baraza liliwataka wenye ardhi wa magharibi wasaini hati ya kuwadhamini watu wao wote: mke, watoto, watumishi, wapangaji na wake za wapangaji, kwamba hakuna atakayekwenda kwenye ibada za porini. Akienda mmoja, mwenye shamba analipa. Wengi wakagoma, wakasema wao si polisi wa dhamiri za watu. Januari 1678 serikali ikashusha kiasi cha wanaume 8,000, wengi wao kutoka Nyanda za Juu, wakae majumbani mwa watu wa magharibi, wale na kulala bure.

Bado watu hawakusaini. Ndipo Baraza likatumia kitu cha ajabu. Uskoti ina sheria ya tangu 1429: ukimwogopa jirani yako kwamba atakudhuru, unaapa mbele ya hakimu, naye analazimishwa kutoa dhamana kwamba hatakugusa. Ni sheria ya ugomvi wa majirani, ya mpaka wa shamba na mbwa mkali. Mwaka 1678 Mfalme Charles II aliitumia dhidi ya wenye ardhi wa magharibi. Yaani mfalme, mwenye jeshi na mizinga, amesimama kisheria kama jirani mnyonge anayesema "nawaogopa hawa". Atakayekataa kutoa dhamana anapigiwa baragumu.

Pweza Kavu

😂😂 Mfalme kaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi kushtaki kwamba wananchi wanamtishia.

Bi Mwanamkuu

Naomba nichangie kwa upande wa wadhamini, kwa sababu kaka zangu humu mnaongea kama mdhamini ni jina tu kwenye fomu.

Mimi nimemdhamini mpwa wangu. Kesi yenyewe ya kugombana baa, si ya siasa. Nilikwenda na barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho, hati ya kiwanja changu, picha mbili. Niliwekwa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, saa tisa ndipo nikaitwa. Nikasaini. Nilidhani nimemsaidia, kumbe nimejifunga. Tangu siku ile mimi ndiye ninayejua tarehe ya kesi kuliko mshtakiwa. Mimi ndiye ninayempigia simu usiku kuuliza yuko wapi. Aliposema anataka kwenda kutafuta kazi mkoa mwingine, aliyemkatalia ni mimi, si hakimu. Mpaka mama yake akaninunia.

Kwa hiyo huyo mzee wa Uskoti aliyeambiwa awadhamini wapangaji na wake za wapangaji, namwelewa sana alipogoma.

Kibarua wa Edinburgh

Bi Mwanamkuu, shikamoo. Maneno yako mawili ndiyo uzi mzima: kumbe nimejifunga. Laiti ningekusubiri uanze wewe.

Sasa Greyfriars yenyewe.

Mei 3, 1679 askofu mkuu Sharp aliuawa kwenye gari lake la farasi barabarani, Magus Muir. Mwezi uliofuata watu wa Agano wakashika silaha, na Juni 22 wakapigwa kwenye daraja la Bothwell. Aliyewapiga ni Duke wa Monmouth, mtoto wa nje wa mfalme. Wafungwa kama 1,200 wakafungwa wawili wawili, wakatembezwa mpaka Edinburgh. Tolbooth isingetosha hata robo yao. Wakaingizwa kwenye uwanja uliopakana na makaburi ya Greyfriars. (Kile kichochoro cha watalii ni kipande tu cha pembeni. Uwanja wenyewe ulikuwa mkubwa, sasa umejengwa majumba.)

Walilala chini, wazi, Julai, Agosti, Septemba. Wanaojua majira ya joto ya Edinburgh wanajua kwamba hayo ni majira ya mvua yenye jina zuri. Posho ilikuwa mkate mdogo wa peni moja kwa siku. Walinzi waliambiwa: mfungwa akitoroka, mlinzi atajibu kwa mwili wake. Hebu ona hapo, hata mlinzi kawekwa dhamana. Kuelekea baridi ndipo vikajengwa vibanda vichache vya mbao.

Monmouth aliomba huruma, na mfalme akakubali. Atakayesaini hati kwamba hatashika tena silaha dhidi ya mfalme wala mamlaka yake, aende zake. Hakuna fedha ya kuweka mezani. Saini tu, au alama kwa asiyejua kuandika.

Mamia walisaini. Mamia wakakataa.

Hapa nilikwama muda mrefu. Kwa nini ukatae? Mvua inakunyeshea, una mke na mbegu shambani. Nilivyosoma hoja zao nikaelewa kidogo. Kwanza, kuahidi kwamba "sitarudia" ni kukiri kwamba Bothwell lilikuwa kosa, lilikuwa uasi, wakati wao waliona ni kujilinda. Pili, neno "mamlaka yake" lilikuwa pana mno: kesho askari akija kuvunja ibada nawe ukamshika mkono, umevunja hati. Wachungaji wa madhehebu yao wenyewe waligawanyika. Wengine waliwasihi wasaini, wakisema hati ile haigusi imani. Fikiria mabishano hayo, miezi mitano, juu ya nyasi zilizolowa, kuhusu maana ya neno moja.

Serikali haikungoja mabishano yaishe. Agosti 14 wachungaji wawili, John King na John Kid, walinyongwa. Novemba watano waliogoma kusaini wakapelekwa Magus Muir, wakanyongwa pale alipouawa askofu, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo siku ya mauaji. Waliobaki, 250 na ushei, wakakabidhiwa mfanyabiashara wa kuwapeleka makoloni ya Amerika wakauzwe kama vibarua. Meli iliitwa Crown of London. Ilitoka Leith mwishoni mwa Novemba, msimu ambao nahodha mwenye akili timamu huwa nchi kavu.

Desemba 10, usiku, dhoruba iliikuta karibu na Deerness, visiwa vya Orkney. Nahodha aliamuru milango ya sitaha ifungwe, wafungwa wakiwa chini. Nanga zikakatika, meli ikagonga mwamba. Mabaharia waliangusha mlingoti wakautumia kama daraja, wakavuka. Waliokuwa chini, karibu 200, walizama. Kama 50 hivi walitoka hai, kwa sababu meli ilipasuka wakapata tundu.

Kuna mnara pale Deerness, ulijengwa 1888. Sijafika, nauli ya kwenda Orkney si ya mshahara wangu.

Mtoto wa Kondoa

Aisee. Nilikuwa nasoma ndani ya daladala nimepitiliza kituo.

Karani wa Zamani

Mleta mada, unasimulia vizuri lakini nakupinga kwenye hoja. Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka 24, sasa nimestaafu. Umechukua mifano ya serikali dhalimu kwenye mwaka mbaya, halafu unahukumu dhamana yote. Dhamana ni haki. Hao wa Greyfriars hawakuwa kwenye dhamana kwa maana ya sheria, walipewa msamaha wenye masharti. Nionyeshe mtu mmoja aliyeachiwa kwa dhamana ya kawaida, akangoja kesi yake kama binadamu. Halafu kulikuwa na sheria nzuri Uskoti ya 1701, mbona huigusi?

Kibarua wa Edinburgh

Mzee Karani, shikamoo. Nakubali nusu. Sheria ya 1701 inakuja. Wa dhamana ya kawaida namleta hapa hapa.

James Fraser wa Brea, mhubiri, alikamatwa 1677 akatupwa Bass. Bass ni jabali lililosimama baharini, mlango wa ghuba ya Forth. Ukiwa ufukweni North Berwick unaliona jeupe, na weupe wenyewe ni ndege na kinyesi chao. Serikali ililinunua 1671 kwa pauni 4,000 ili liwe gereza la wahubiri. Fraser alikaa humo miaka miwili na zaidi. Julai 1679, katika huruma ile ile iliyofuata Bothwell, akaachiwa kwa dhamana ya kufika akiitwa. Dhamana safi, Mzee, kama unayoitaka. Kufika 1682 yuko ndani tena, safari hii Blackness, pamoja na faini. Katikati ya miaka hiyo hakuna mahali palipoandikwa kwamba kesi yake imekwisha. "Kufika akiitwa" haikuwa na tarehe. Mtu angeweza kuzeeka akingoja kuitwa.

(Kwa wapenda vituko: Juni 1691, wakati wa utawala mwingine, maofisa wanne waliokuwa wafungwa hapo Bass walingoja askari washuke kupakua makaa ya mawe, wakafunga geti. Wafungwa ndani, askari nje. Walilishika jabali lile karibu miaka mitatu.)

Sasa, mfalme James VII alipokimbia na William kuingia, bunge la Uskoti Aprili 1689 lilipitisha Dai la Haki. Ndani yake kuna kifungu kinachosema ni kinyume cha sheria kumfunga mtu bila kutaja sababu, na kuchelewesha kumfikisha mbele ya hukumu. Maneno matamu. Mwaka uliofuata, 1690, serikali ile ile mpya ilimkamata Mwingereza aitwaye Nevile Payne kwa njama za kumrudisha James, na Desemba ikambana vidole kwa skrubu na mguu kwenye kiatu cha chuma. Hakusema kitu. Basi wakamwacha ndani karibu miaka 10, bila kesi. Ndiye anayetajwa kama mtu wa mwisho kuteswa kwa amri ya serikali Uskoti.

Kwa hiyo Dai la Haki lilikuwa tamko, halikuwa na meno. Meno yaliwekwa Januari 1701, na hapa Mzee Karani nakuvulia kofia, ni sheria nzuri kweli. Hati ya kukamata iwe ya maandishi, itaje kosa, mfungwa apewe nakala. Akiomba dhamana kwa kosa linalodhaminika, hakimu ana saa 24 kuamua. Na kiwango cha juu cha dhamana kikawekwa kwa daraja la mtu. Mtukufu, merki 6,000. Mwenye ardhi, 3,000. Muungwana mwingine au mkazi wa mji mwenye haki zake, 1,000. Mtu wa chini, 300.

Merki moja ilikuwa theluthi mbili ya pauni ya Uskoti, na pauni ya Uskoti ilikuwa sehemu moja ya kumi na mbili ya pauni ya Uingereza. Kwa hiyo mtukufu alidhaminiwa kwa kama pauni 333 za Kiingereza, na mtu wa chini kwa pauni 16 na ushei. Kwa mtukufu hiyo ni hela ya farasi wazuri na karamu. Kwa kibarua ni mshahara wa zaidi ya mwaka. Lakini angalau kulikuwa na dari, hakimu hawezi kumtajia fundi viatu kiasi cha kumkomoa.

Sungusungu

Na uhaini?

Kibarua wa Edinburgh

Ndio hapo. Kosa lenye adhabu ya kifo halikuwa na haki ya dhamana. Uhaini adhabu yake kifo. Mpinzani wa kisiasa akikamatwa anaitwa nani? Mhaini.

Mtoto wa Kondoa

Kama huku tu. Uhaini hauna dhamana.

Karani wa Zamani

Subirini, msikimbie. Sheria ile ya 1701 ilikuwa na mlango wa pili, na mleta mada anaujua ila anauficha. Hata mshtakiwa wa kosa la kifo aliweza kudai tarehe.

Kibarua wa Edinburgh

Sikuuficha Mzee, nilikuwa napiga deki 😅 Lakini umenikamata.

Ni kweli. Mfungwa asiyedhaminika aliweza kuomba mahakama itume barua kwa mshtaki. Tangu barua ile, mshtaki ana siku 60 za kupanga kesi, na siku 40 nyingine za kuimaliza katika mahakama kuu. Zikipita, mtu anaachiwa. Waskoti waliuita mchakato huo "kukimbiza barua zako". Naupenda usemi huo. Mfungwa amekaa, barua ndiyo inayokimbia. Na wanasheria wa huku wanasema fahari yao ya leo, kwamba kesi ya aliye mahabusu haiwezi kuburuzwa bila mwisho, mizizi yake ni pale.

Sasa uone ilivyokuwa serikali ilipoogopa kweli. Mwaka 1715 na 1745, vita vya kuurudisha ukoo wa Stuart, ukoo wa yule James VII aliyekimbia, vilipoanza, bunge la London lilisimamisha sheria ya 1701 kwa kesi za uhaini na tuhuma za uhaini. Barua zikaacha kukimbia.

Na 1715 hiyo hiyo walirudia mchezo wa 1677. Sheria ikapita ya kuwaita watu wanaotiliwa shaka waje Edinburgh kutoa dhamana ya utulivu. Majina makubwa makubwa. Waliotii wito ni wa kuhesabu kwa vidole. Wengine walipiga hesabu: nikienda naweza kufungwa, nisipoenda nitapigiwa baragumu, basi heri nipande farasi nikajiunge na waasi. Dhamana ikawaongezea waasi jeshi.

Pweza Kavu

Hiyo ni sawa na kuwaita kuku waje wajiandikishe kabla ya sikukuu.

Kibarua wa Edinburgh

Namalizia na kisa ninachokipenda kuliko vyote, 1708. Hiki kina dhamana halisi, Mzee Karani, na watukufu halisi.

Mei 1, 1707 Uskoti na Uingereza ziliungana, bunge likawa moja, London. Waskoti wengi walichukia. Aliyelia kuliko wote bungeni ni Lord Belhaven, John Hamilton jina lake. Novemba 2, 1706 alitoa hotuba ya kumwona Mama Kaledonia ameketi katikati ya bunge akingoja kuchomwa kisu na wanawe mwenyewe. Wengine walilia, wengine walicheka. Hotuba ikachapwa, ikauzwa mitaani.

Machi 1708, Wafaransa wakaja na meli kutoka Dunkirk kumrudisha kijana James Stuart, mtoto wa James VII. Kijana mwenyewe alikuwa ametoka kuugua surua. Wakafika mlango wa Forth, wakakuta meli za Kiingereza za Admirali Byng nyuma yao, wakageuza. Hakuna askari aliyeshuka.

Lakini serikali ilishapata sababu. Ikakamata watukufu na wenye ardhi wa Uskoti kwa makumi, wengi kwa tuhuma tu: Duke wa Gordon, Earl huyu na yule, Fletcher wa Saltoun aliyekuwa mpinzani wa muungano lakini hakuwa na mapenzi yoyote na ukoo wa Stuart. Belhaven naye ndani. Wakasafirishwa kwa makundi mpaka London, safari ya siku nyingi, wakipitishwa miji ya Uingereza kama wanyama wa maonyesho. Na Mei mosi, 1708, Baraza la Mfalme la Uskoti, lililokuwa likitoa na kunyima dhamana kwa miaka yote niliyowasimulia, likafutwa. Kuanzia hapo mlango wa kugonga uko London.

Wafungwa wamejaa, ushahidi hakuna, na Juni kuna uchaguzi: watukufu wa Uskoti wanachagua wenzao 16 wa kukaa Baraza la Malords. Hapo anaingia Duke wa Hamilton, naye mfungwa. Akazungumza na chama cha siasa cha Whig kilichokuwa kinataka kuushinda uchaguzi ule. Makubaliano: mimi na wenzangu tutoke kwa dhamana, nami nitawapa kura zangu na za watu wangu. Wakatoka. Juni 17 kura zikapigwa pale kasri la Holyrood, na Hamilton mwenyewe akachaguliwa.

Mkiuliza dhamana yao ilikuwa merki ngapi, nitawaambia swali hilo halina maana. Dhamana ilikuwa kura.

Waliobaki bila cha kuuza ni wenye ardhi watano wa Stirlingshire, akina Stirling wa Keir, walioonekana kweli na silaha na farasi siku zile. Wao walirudishwa Edinburgh wakashtakiwa kwa uhaini Novemba 1708. Mashahidi wakuu walikuwa watumishi wao, na watumishi ghafla hawakukumbuka kitu. Kuna simulizi kwamba mtumishi mmoja wa Keir alipoulizwa kwa nini ameapa uongo, alijibu kwamba heri aikabidhi roho yake kwa Mungu kuliko maisha ya bwana wake kwa watu wale. Wote watano waliachiwa kwa kukosekana uthibitisho. London ilikasirika, mwaka uliofuata sheria ya uhaini ya Kiingereza ikaletwa Uskoti nzima nzima. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyopiga marufuku mateso Uskoti, kwa hiyo hata mimi siwezi kuitukana yote.

Karani wa Zamani

Kura kwa dhamana. Nimeyaona mengi kwenye masijala lakini hili hapana. Nimelegeza kidogo, mleta mada. Kidogo tu. Sheria ya 1701 bado ninaisimamia.

Bi Mwanamkuu

Na yule wa hotuba, Belhaven? Umemwacha njiani.

Kibarua wa Edinburgh

Sikutaka kummaliza, bibi. Belhaven alihojiwa London, akaachiwa kwa dhamana kama wengine. Ilikuwa mara yake ya pili, ujanani pia, 1681, alishawekwa ngome ya Edinburgh kwa kauli aliyoitoa bungeni, akatoka baada ya kuomba radhi. Safari hii hakufika nyumbani. Alifia London Juni 21, 1708, kwa homa ya ubongo, siku nne baada ya uchaguzi ule wa Holyrood. Watu wa Uskoti walisema kilichomuua ni fedheha ya kupitishwa mitaani kama mwizi. Madaktari walisema homa.

Bado alikuwa chini ya dhamana.

Sungusungu

Na mdhamini wa marehemu, anaachiwa?

Karani wa Zamani

Kifo cha mshtakiwa kinamfungua mdhamini. Kwetu hivyo, na sidhani kuna nchi inayomdai mdhamini maiti.

Bi Mwanamkuu

Haya, nawaacha. Jumatatu ni tarehe ya mpwa wangu. Nimeshamwambia alale kwangu Jumapili, na viatu vyake nitaviweka chumbani mwangu.

Pweza Kavu

😂😂😂 Bibi kafungua tolbooth nyumbani.